Hospitali na shule za misheni: zilikuwa chambo tu?

Umeuliza kama hospitali na shule za misheni zilikuwa chambo tu cha kupata waumini. Nia ya kueneza imani ilikuwepo, na wamisionari wenyewe hawakuificha. Lakini tazama Uganda. Albert Cook, daktari mmisionari kutoka Uingereza, alifungua hospitali ya Mengo, Kampala, mwaka 1897, na mkewe Katharine, aliyekuwa muuguzi, akaanzisha mafunzo ya wakunga. Hapo ndipo ninapoona uzito wa kazi yao: mwanamke wa Kiganda mwenye ujuzi wa kuzalisha anabaki na watu wake hata mmisionari akishaondoka. Gayaza, shule ya wasichana iliyoanza 1905, ni habari hiyo hiyo upande wa elimu.

Ushirika wa kiimani kati ya wamisionari na Waafrika nao haukuwa wa kuamriwa na wageni. Mwaka 1929 Joe Church, daktari wa hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Kiganda, pale Namirembe, kilima cha kanisa kuu la Kianglikana jijini Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Miaka ya 1930 uamsho wa kiroho ukaenea Afrika Mashariki, watu wakiungama dhambi mbele ya wenzao, Mzungu na Mwafrika pamoja, jambo gumu mno enzi zile za ukoloni.