Roboti ya kubandika vielelezo vya nta: tengeneza chumba kwanza

Ndugu yangu wa Kisumu, umeuliza kama karakana yako, inayosubu vali za pampu kwa njia ya nta na kauri (kielelezo cha nta, yaani mfano wa vali, hufunikwa kwa kauri, nta ikayeyushwa itoke, kisha chuma kikamiminwa mahali pake), inunue roboti ya kubandika vielelezo vya nta kwenye shina, yaani nguzo ya nta inayobeba vielelezo vingi kama mti, kwa kuwa kila fundi hubandika kwa namna yake. Ushauri wangu ni kwamba usinunue kwa sasa.

Roboti hurudia mwendo ule ule bila kuchoka, lakini ile ya kawaida haihisi kama kidole cha fundi, kwa hiyo kielelezo kilichopinda kidogo hukibandika vivyo hivyo na kuacha ufa kwenye kiungo. Tope la kauri likiingia katika ufa huo, hukauka likawa ukingo mwembamba ambao chuma kilichoyeyuka huuvunja na kuubeba hadi ndani ya vali. Hasara hiyo huonekana mwishoni, gharama zote zikiwa zimeshalipwa, na ndiyo inayoniuma zaidi.

Joto la mchana huko kwenu hukaribia nyuzi 30, ilhali nta hupinda joto likibadilika, hivyo huhitaji chumba chenye joto lisilobadilika, la nyuzi 20 hadi 24 hivi. Anza na kiyoyozi, pamoja na fremu za kushikilia kielelezo na shina, ambazo mafundi wako wanaweza kuzitumia hata leo. Roboti uifikirie ukipata oda ya maelfu ya vali za umbo moja. Na hata hapo, ningeiweka kwanza kwenye kuchovya miti ya nta katika kauri, kwani hiyo ndiyo kazi nzito inayoumiza migongo ya vijana.