Bastola isafishwe baada ya risasi ngapi?
Ndugu, umeuliza kama unaweza kungoja hadi ufikishe risasi 500 ndipo usafishe bastola. Kufyatua itafyatua, lakini mimi singengoja. Ukitoka mazoezini, isafishe jioni hiyo hiyo masizi yakiwa bado laini. Toa magazini (kasha la risasi) kwanza, kisha fungua chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, uitazame na kuipapasa kwa kidole, hata kama unaapa ni tupu. Pitisha brashi ya shaba yenye dawa ya kuyeyusha masizi ndani ya mtutu, halafu vitambaa hadi kimoja kitoke cheupe, umalizie na tone la mafuta kwenye reli, yaani njia ambazo sehemu ya juu ya bastola huteleza juu yake. Tone tu! Wengine huilowesha kama mandazi, na mafuta mengi hunasa vumbi.

Ile ya kubeba kiunoni ikague kila mwezi hata kama hujaifyatua. Yangu niliwahi kuifungua nikakuta nyuzi za shati zimegandana na jasho na vumbi la barabarani. Mvua za Machi hadi Mei zikianza, usiilaze ndani ya mfuko wake wa ngozi: ngozi hushika unyevu, kutu ikaanzia hapo.

Halafu nawa mikono kwa sabuni kabla ya chakula, masizi yale yana madini ya risasi.