Insati ya chembe laini inameguka: tatizo si ugumu

Mkuu, umeuliza kwa nini insati yako mpya (kile kipande kidogo cha kabidi kinachofungwa kwenye kisu cha mashine ya kukereza) ya "chembe laini kabisa", yaani ndogo sana, inameguka, wakati ile ya kawaida ilikuwa inamaliza kazi bila shida. Yalinikuta hayohayo. Nilikuwa nakereza shafti yenye mfereji ubavuni, na kila mzunguko insati inagonga ukingo wa mfereji, tak, tak, tak. Dakika chache tu, kwisha habari. Nikaiweka chini ya lenzi: makali hayakulika, yamebanduka vipande, kama mdomo wa chungu uliogongwa.

Kabidi tunayokatia si kitu kimoja. Ni chembe za kabidi ya tangsteni zilizoshikwa na kobalti, zikaokwa kwa nyuzi 1400 hivi za Selsiasi mpaka kobalti ikayeyuka na kuzifunga. Chembe ndizo ngumu, kobalti ndiyo inayomeza kishindo. Sasa kobalti ikibaki kiasi kilekile halafu chembe zikawa ndogo, inabidi ijitandaze nyembamba zaidi katikati yake. Ugumu unapanda, lakini ufa ukishaanza hauna pa kukwama. Chembe kubwa huacha vidimbwi vya kobalti, na ufa huishia humo.

Kwa hiyo neno "laini" peke yake halikuambii kitu. Uliza chembe ni mikroni ngapi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na kobalti asilimia ngapi. (Herufi P, M na K kwenye kasha zinataja kazi inayofaa, si ukubwa wa chembe.) Kwa kawaida mikroni 0.5 hadi 0.8 ni laini sana, 1.3 hadi 2.5 ni za wastani, zaidi ya 2.5 ni kubwa.

Laini zina mahali pake, tena hazina mpinzani. Ncha haiwezi kuwa kali kuliko chembe zake zinavyoruhusu: chembe ya mikroni 3 ikichomoka kwenye makali ya kekee ya milimita 1, umeshapata pengo. Ndiyo maana vikataji vidogo vya kabidi tupu hutengenezwa kwa chembe laini, mara nyingi na kobalti 10% hivi. Unaongeza kobalti, chombo kinastahimili kupindwa, na ugumu bado hauachwi na kabidi ya chembe za wastani yenye 6%.

Ikiwa kazi yako nayo ni ya kugonga kama ile yangu, basi panda namba inayofuata herufi P, maana ikiwa kubwa insati inastahimili zaidi kishindo: kama uko P10 au P15, nenda P30 au P35. Punguza mwendo kidogo. Kipoza kama hakifiki mfululizo, kizime kabisa, maana moto-baridi moto-baridi huchora nyufa kama meno ya kitana. Mimi nilipofanya hivyo shafti iliisha kwa kona moja ya insati, na ubavu wa insati ulikuwa umelika sawasawa, bila pengo hata moja. Zile laini usizitupe, zitakufaa kwenye kumalizia shafti zisizo na mfereji.