Duveti ya "Dry clean only": ipi inafulika nyumbani, na namna ya kuifua

Duveti nyingi zinazofuliwa nyumbani haziharibikii kwenye beseni, zinaharibikia kambani. Kitambaa cha juu hukauka kwa saa chache, mtu anaitandika jioni akiamini kazi imekwisha, na siku ya tatu chumba kizima kinanuka uvundo kwa sababu katikati bado mlikuwa na maji. Kwa hiyo kabla ya kuwaza sabuni, amua utaianika wapi, kwa siku ngapi, na mvua ikishuka utaihamishia wapi. Ya poliesta huhitaji siku moja hadi mbili za jua. Ya manyoya ya bata, mbili hadi tatu zenye jua na upepo. Kama ni masika, au uko Tanga au Mombasa katika zile wiki ambazo hata taulo halikauki, ahirisha tu.

Pili, soma lebo vizuri. Duara ni alama ya drai klina, yaani kusafisha kwa dawa badala ya maji. Herufi P au F ndani yake ni maelekezo kwa fundi kuhusu aina ya dawa atakayotumia, hazikuhusu wewe. Herufi W ni habari njema: kitu hicho huvumilia maji, ingawa yenyewe ni maelekezo kwa fundi wa kufua kwa maji, si ruhusa ya moja kwa moja ya kufua nyumbani. Katazo lenyewe ni beseni lililochorwa msalaba, na hilo liheshimu.

Sababu ya katazo inafaa kueleweka, maana ndiyo itakayokuongoza pale lebo isipokuwepo. Dawa ya drai klina haivimbishi nyuzi, maji yanazivimbisha. Pamba ikivimba inarudi, viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kwa mbao) ikilowa inapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, poliesta haijali. Sasa fikiria duveti yenye hariri juu, bitana ya pamba na poliesta ndani: kila tabaka litarudi kwa kiasi chake, mishono itavutana, na hakuna pasi itakayoinyoosha tena.

Duveti za mitumba mara nyingi hazina lebo kabisa. Chomoa uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibano juu ya bakuli la maji, uuwashe. Ukinuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, ni sufu au hariri. Ukinuka karatasi, ni pamba au viskosi. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu jeusi, ni poliesta. Rudia kwa uzi wa upande wa pili na, ukiweza, kwa kipande kidogo cha kilichomo ndani.

Zinazofulika nyumbani bila wasiwasi mkubwa ni za poliesta tupu, za pamba nje na poliesta ndani, na za manyoya zenye ganda la pamba iliyofumwa kwa kubana. Zisizofaa ni za hariri, za mahameli ya viskosi, zilizojazwa sufu, na zenye shanga au mapambo yaliyogandishwa kwa gundi. Hizo zipeleke drai klina. Gharama yake ni ndogo kuliko kununua nyingine. Mto wa sufi, ile pamba ya mti wa msufi, nao usiuloweke. Fumua mshono, toa sufi yote, fua ganda peke yake, kisha anika sufi juani ndani ya chandarua cha zamani ili isipeperuke.

Jaribu rangi kabla ya yote. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya sabuni, kikandamize dakika tano mahali pasipoonekana. Fanya hivyo kwa kila rangi, na usisahau nyuzi za tarizi: nyekundu ya tarizi huchuja hata pale ambapo kitambaa chenyewe hakichuji. Kikitoka na rangi, simama hapo. Halafu kagua mishono na ushone kila palipofumuka, kwa kuwa maji yatapanua tundu dogo na manyoya yatatoka. Mwisho, pima uzito wa duveti ikiwa kavu na uuandike. Utauhitaji.

Kwa duveti ya 6 kwa 6 weka maji ya vuguvugu lita 60 hivi, ndoo tatu za lita 20, kwenye beseni kubwa au bafu. Yeyusha ndani yake vijiko vitatu vya chakula vya sabuni laini ya maji. Sabuni ya unga iache: nyingi zina ukali unaokausha mafuta ya asili ya manyoya, baadhi zina vimeng'enya vinavyokula nyuzi za asili ya wanyama, na povu lake ni taabu kulitoa. Tandika shuka la zamani chini ya beseni kwanza, ndipo uweke duveti juu yake. Shuka hilo ndilo mtakalotumia kuinulia, watu wawili, kila mmoja pembe mbili. Ukiinyanyua duveti iliyojaa maji kwa kushika pembe zake, uzito unakata mishono ya ndani inayotenganisha vyumba vya manyoya, na hiyo haishoneki tena.

Kandamiza kwa viganja kutoka upande mmoja kwenda mwingine, ili hewa itoke na maji yaingie. Duveti ya manyoya huelea kwa ukaidi. Usisugue. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Mwaga maji, kandamiza, suuza mara tatu au nne mpaka maji yasiteleze mkononi. Katika maji ya mwisho ongeza nusu kikombe cha siki nyeupe kwa kila lita 20, isaidie kutoa mabaki ya sabuni. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inapaka manyoya na kuyafanya yashikane.

Mashine ya kilo 7 haiiwezi duveti ya 6 kwa 6. Itaingia, ndiyo, lakini haitageuka, na palipobanwa patabaki na uchafu na sabuni. Ile ya mapipa mawili ni mbaya zaidi, pipa la kukamulia huyumba na kuchana pindo.

Usiikamue kwa kuipinda. Iache ichuruzike nusu saa, ikunje pamoja na mataulo makavu, kanyaga taratibu. Kisha itandaze juu ya kamba mbili au tatu zilizo sambamba, isining'inie kwenye kamba moja, kwa maana maji yote yatashuka kwenye pindo la chini pamoja na kilichomo ndani. Kila baada ya saa mbili au tatu igeuze na uvunje mabonge kwa vidole. Kazi hii inachosha, na watu wengi huiacha hapa. Lakini bonge likikaukia ndani, hapo patabaki baridi usiku kucha kila ukiitumia. Yenye rangi ifunike kwa shuka jepesi ili jua lisiipaushe. Ingiza ndani kabla umande haujashuka, itandaze juu ya viti, washa feni.

Irudishe mizani. Ikizidi uzito wa mwanzo kwa robo kilo, kuna maji ndani, hata kama mkono unasema ni kavu. Manyoya mabichi hunuka kama kuku aliyelowa. Harufu hiyo huondoka yakikauka.

Mara nyingi tatizo ni doa moja tu, na duveti nzima haina haja ya kuloweshwa. Sogeza kilichomo ndani kando, funga ganda kwa mpira wa nywele, usafishe ganda peke yake. Damu inataka maji baridi, maana ya moto huigandisha. Mafuta yanyunyizie poda ya mtoto, yaache usiku kucha, uyapanguse. Jiki usiiguse: huyeyusha sufu na hariri na kuharibu manyoya. Na petroli au mafuta ya taa, ambayo wapo wanaoyatumia kuiga drai klina, ni moto unaosubiri cheche ya swichi. Mvuke wake hukaa ndani ya matandiko kwa muda mrefu.

Kama umeipeleka drai klina, itoe kwenye nailoni na uianike penye upepo siku nzima kabla ya kuilalia. Dawa ya perkloroethilini, ambayo baadhi ya drai klina huitumia, imewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Kuitunza nako, tumia mfuko wa kitambaa au foronya kubwa. Nailoni hufungia unyevu, na ukungu ukishaingia kwenye manyoya hautoki kwa sabuni yoyote.