Maswali ya Wasomaji: Kusomea Lori kwa Gharama ya Kampuni

Barua nyingi za safari hii zimetoka Marekani, kwa wasomaji wanaofikiria kuacha ghala au kiwanda cha nyama wakashike usukani. Karibu wote wanauliza habari za kampuni zinazomsomesha mtu leseni ya CDL, yaani ya kuendesha magari makubwa ya biashara, daraja A, ile ya kichwa na trela, kisha zikamwajiri.

Nimeona tangazo la "CDL bure". Ni bure kweli? (Baba wa watoto wanne, Louisville, Kentucky)

Ndugu, huo ni mkopo unaolipwa kwa jasho. Kampuni inalipa ada ya shule, mara nyingi na nauli ya basi na hoteli, nawe unatia saini kwamba ukipata leseni utaiendeshea kwa muda fulani. Mwaka 1 ndio wa kawaida. Ipo mikataba mifupi zaidi na ipo inayozidi hapo. Ukiondoka kabla, ada inageuka deni. Kiasi kinachoandikwa huwa dola elfu kadhaa, na ukikaa kimya deni hupelekwa kwa wakusanya madeni na kukuharibia rekodi ya mikopo.

Omba mkataba kwa barua pepe kabla hujapanda basi. Wengi huuona siku ya kwanza darasani, ndani ya rundo la karatasi, wakiwa maili mia kadhaa kutoka nyumbani na hawana nauli ya kurudi. Hapo nani atakataa kutia saini?

Ukiupata, angalia deni linapungua vipi. Mikataba mizuri hulipunguza kila mwezi unaofanya kazi. Mibaya hulibakiza zima mpaka siku ya mwisho, kwa hiyo anayeacha mwezi wa 11 anadaiwa sawa na aliyeacha mwezi wa 2. Angalia pia saa ya mkataba inaanza lini: siku ya kutia saini, siku ya leseni, au siku ya kuachana na mkufunzi? Tofauti yake ni miezi. Halafu soma kipengele cha kufukuzwa. Dereva mpya hugonga vitu akirudi nyuma, kioo cha mwenzake au nguzo ya ghala, na kampuni nyingine humfukuza kwa hilo na bado zikamdai ada yote. Mwisho, ile pesa ya kila wiki ya mafunzo: uliza kama ni mshahara au ni advansi itakayokatwa baadaye.

Kabla ya yote hayo, pita ofisi ya American Job Center ya eneo lako uulize fedha za WIOA, mpango wa serikali kuu wa kulipia mafunzo ya kazi. Mwenye kipato kidogo anaweza kulipiwa shule ya lori au chuo cha jamii, akatoka na leseni isiyo na mkataba wa mtu. Ziko pia kampuni zinazokurudishia ada kidogo kidogo kila mwezi kama ulijilipia mwenyewe. Kwetu sisi, hizo ni njia za kujaribu kwanza.

Nieleze hatua kwa hatua, na watu wanakwama wapi. (Kijana wa Goma, sasa Des Moines, Iowa)

Kwanza ni simu na ajenti wa ajira. Atataka historia ya kazi ya miaka 3 mpaka 10, pamoja na mapengo yake. Kama miaka hiyo ulikuwa kambini, Nyarugusu au Kakuma, sema hivyo na uandike. Pengo lisiloelezwa hukwamisha faili kuliko pengo lenyewe. Ukitaka kuvuka mipaka ya majimbo lazima uwe umetimiza miaka 21.

Pili ni kibali cha kujifunzia. Kipate jimboni kwako kabla ya safari, kwa kusoma kitabu cha CDL cha jimbo ambacho ni bure. Kwa daraja A unafanya mtihani wa maarifa ya jumla, wa breki za upepo, na wa kichwa na trela; unatakiwa upate asilimia 80. Ukishakuwa nacho, sheria inataka zipite siku 14 kabla ya mtihani wa barabarani. Tangu tarehe 7 Februari 2022 shule nayo lazima iwe kwenye orodha ya serikali kuu ya watoa mafunzo, na orodha hiyo iko wazi mtandaoni. Isipokuwemo, usipoteze muda.

Tatu ni daktari na kipimo cha dawa, na hapa ndipo watu wanaporudishwa nyumbani siku ya pili. Presha ikiwa chini ya 140/90 unaweza kupata cheti cha miaka 2. Ikipanda kidogo unapewa muda mfupi zaidi, na ikifika 180/110 hupewi mpaka ishuke. Mtu amekesha kwenye basi, amekunywa vinywaji vya kuongeza nguvu viwili, halafu anashangaa mashine ikisoma 165. Kunywa maji, lala, na kama unatumia dawa za presha usiziache. Mwenye shingo nene na anayekoroma sana anaweza kutumwa kupimwa tatizo la kukatika pumzi usingizini, na mara nyingine gharama ni yake.

Dawa za kulevya: bangi ni marufuku kwa dereva wa CDL hata kama jimbo lako limeiruhusu. Kampuni nyingine hupima nywele pia, na nywele husema ya miezi 3 iliyopita. Kukataa kipimo kinachotakiwa na sheria kunahesabiwa sawa na kushindwa, na jina lako linaingia kwenye daftari la taifa la Clearinghouse ambalo kila mwajiri analiangalia. Na miraa, ambayo Meru ni biashara halali, ina kathinoni ambayo Marekani imeiweka kwenye kundi la dawa zilizopigwa marufuku kabisa. Usiibebe ndani ya lori.

Kisha shule yenyewe, kwa kawaida wiki 3 au 4. Tegemea kugawana lori moja na wanafunzi kadhaa, kwa hiyo sehemu kubwa ya siku utakuwa umesimama juani ukimwangalia mwenzako. Muda huo wa kusimama ndio wa kukariri ukaguzi wa gari, kwa Kiingereza na kwa sauti. Wengi hudhani watashindwa barabarani, kumbe wanaangushwa na kipimo cha breki za upepo, maana ukikosea hapo mtihani umekwisha. Mpangilio ni huu: upepo umejaa, magurudumu yamewekewa kabari, injini imezimwa, ufunguo umewashwa. Sukuma ndani vitufe vyote viwili, cha njano (breki ya kuegesha) na chekundu (upepo wa trela). Kanyaga breki na uishikilie dakika 1: kwa kichwa na trela upepo usishuke zaidi ya psi 4 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo). Halafu pampu pedali; kengele ya onyo lazima ilie kabla mshale haujashuka chini ya 55 (vitabu vingine bado vinasema 60, fuata cha jimbo lako). Endelea kupampu mpaka vitufe vichomoke vyenyewe, kwa kawaida kati ya psi 45 na 20. Taja kila namba kwa mdomo. Mtahini anapima anachokisikia.

Kurudi nyuma, kosa la karibu kila mwanafunzi ni kukata usukani mwingi, tena kwa kuchelewa. Kata kidogo, mapema, usubiri trela ijibu. Ukitaka inyooke, ikianza kujitokeza kwenye kioo kimoja, peleka usukani upande wa kioo hichohicho. Ukipotea, simama, shuka uangalie, au vuta mbele ujipange upya. Mtihani unaruhusu hayo kwa idadi maalumu. Kupiga koni au kuvuka mstari ndiko kunakomaliza pointi.

Jambo dogo la kuulizia mapema: ukifanya mtihani kwa lori la otomatiki, leseni itaandikwa alama E, maana yake huruhusiwi la gia za mkono. Kampuni kubwa nyingi ni otomatiki tupu, kwa hiyo mwanzoni hutaumia. Utaliona tatizo ukitaka kuhamia kampuni ndogo yenye malori ya zamani.

Baada ya leseni unaingia kwa mkufunzi, wiki 4 hadi 8 au zaidi, mkiishi wawili ndani ya chumba cha lori chenye vitanda viwili. Hii ndiyo shule halisi, na ndiyo inayotofautiana sana. Mwalimu wa shule anatakiwa na sheria awe na uzoefu wa miaka 2. Mkufunzi wa kampuni, baada ya wewe kupata leseni, habanwi na sharti hilo, na utawakuta ambao wao wenyewe hawana mwaka. Tena ukishakuwa na leseni anaruhusiwa kulala wewe ukiendesha, na kwa kuwa wengi hulipwa kwa maili za lori zima, wapo wanaokugeuza dereva wa usiku na kukufundisha kidogo sana. Uliza kabla hujapewa lori: wiki ngapi atakuwa macho kando yangu? Kisha dai kila kurudi nyuma ufanye wewe, hata kama mnachelewa. Dai pia kupima uzito: mara nyingi mpaka ni paundi 34,000 kwa ekseli za nyuma za kichwa, 34,000 kwa za trela, na 80,000 kwa jumla. Kichwa kikizidi, sogeza ekseli za trela mbele. Kila tundu la reli ya kuzisogezea huhamisha takriban paundi 250 kama matundu yameachana inchi 4, au 400 kama ni inchi 6. Mtu asiyefundishwa hili huligundua kwenye mizani ya serikali, faini mkononi.

Ukiona hujifunzi au huko salama, piga simu ofisini uombe kubadilishiwa. Ni jambo la kawaida.

Nimeendesha semi Mombasa hadi Kampala miaka mingi. Si watanipunguzia muda? (Houston, Texas)

Hapana, kaka. Leseni ya Kenya haibadilishwi kuwa CDL, na bima ya kampuni haihesabu maili za huko. Unaanza na kibali kama yeyote. Uzoefu utakusaidia uwanjani, ila angalia mazoea mawili: kuendesha upande wa kushoto wa barabara wakati hapa ni kulia, hasa unapotoka kituo cha mafuta alfajiri, na kuendesha mpaka uchoke. Hapa ni saa 11 za usukani ndani ya dirisha la saa 14, kisha mapumziko ya saa 10 mfululizo, na kifaa cha kielektroniki kinaandika kila dakika.

Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Na bado sina green card. (Columbus, Ohio)

Kiingereza kwanza. Mtihani wa vitendo ni kwa Kiingereza na mkalimani haruhusiwi. Sheria ya dereva kujua Kiingereza ni ya zamani, lakini tangu tarehe 25 Juni 2025 anayeshindwa kwenye ukaguzi wa barabarani anazuiwa kuendelea kuendesha papo hapo. Askari huuliza kwanza kwa mdomo (unatoka wapi, umebeba nini, karatasi ziko wapi), kisha maana za alama za barabarani. Simu ya kutafsiri haikubaliwi wakati wa mahojiano hayo. Miezi 6 ya darasa la jioni kwanza ni bora kuliko deni la shule na lori lililosimama kando ya barabara.

Karatasi: CDL ya kawaida inahitaji uraia au ukaazi wa kudumu. Wengine walikuwa wakipata ile ya wasio wakaazi, na tangu Septemba 2025 serikali kuu imekuwa ikiibana sana, suala likafika mahakamani. Usitie saini kwa neno la ajenti. Nenda na karatasi zako kwenye ofisi ya leseni ya jimbo upate jibu kwanza. Kama ni mkimbizi uliyekwisha fikisha mwaka 1, peleka ombi la green card sasa.

Mimi ni mwanamke. Nitalala lori moja na mwanamume nisiyemjua? (Dada wa Dallas, Texas)

Inawezekana, dada, kwa hiyo uliza kabla ya kutoka nyumbani. Wakufunzi wanawake ni wachache. Zamani kampuni moja iliwasubirisha wanawake mpaka apatikane mwanamke wa kuwafundisha, na mwaka 2014 mahakama ya shirikisho ikaamua ule ni ubaguzi, kwa kuwa wanaume hawakusubirishwa. Kwa hiyo sera zinatofautiana. Kampuni nyingine hukulaza hotelini wakati wa mafunzo, nyingine zina shule za kwenda na kurudi nyumbani. Jibu la ajenti lipate kwa maandishi.

Nimemaliza mafunzo, wananishawishi nichukue lori lao kwa kukodi mpaka liwe langu. (Phoenix, Arizona)

Kataa mwaka huu. Malipo ya lori, mafuta, bima na matengenezo yanakatwa kwanza, mizigo anakupangia yuleyule anayekukodisha, na wiki mbovu inaweza kuishia na hundi ya sifuri au deni. Januari 2025 kikosi kazi kilichoundwa na serikali kuchunguza mikataba hii kilipendekeza Bunge la Marekani liipige marufuku. Wakikusukuma sana, omba hesabu za mwaka mzima za malipo ya dereva mmoja wa kukodi, jina limefutwa, pamoja na idadi ya waliomaliza mkataba na kukabidhiwa hati ya lori.