Tazama nyuma ya bega: nilivyokusanya picha zetu za miaka ya 1980

Picha yenyewe ni ndogo, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Mama amenibeba. Nina kama miezi minane, nimevishwa kofia ya kufuma katikati ya joto la Morogoro. Miaka yote nilikuwa naitazama ili nijione mimi. Siku niliyomwekea Mama Mkubwa mkononi, mimi hata hakuniona. Aliinua miwani, akagusa upande wa kushoto kwa ukucha: "Heee! Foleni ya sukari hii."

Nyuma ya bega la mama kuna mawe yamejipanga, kandambili moja na ndoo iliyotoboka. Nilidhani ni uchafu wa mtaani. Kumbe kila jiwe lilikuwa mtu. Ulikuwa unaweka jiwe lako usiku mbele ya duka la ushirika, unarudi nyumbani kulala, na ole wake atakayelisogeza.

Hapo ndipo nilipoanza kukusanya picha za ukoo wetu za muongo ule. Huu ni mwaka wa nne, na zimeshapita mia tatu. Wanaotaka kufanya hivyo kwao huniuliza wanunue skana gani. Jibu langu ni kwamba skana isubiri, nenda kwanza kwa wazee. Mimi nilikosea hapo. Likizo nzima nilishinda nikiskani, nikijisemea nitakwenda kwa Baba Mdogo na kazi iliyokamilika. Alifariki kabla sijafika, akaondoka na majina ya nusu ya watu waliokaa kwenye harusi ya shangazi.

Ukifika kwa mzee, usimrushie swali la "huyu nani?" kwa kila picha kama askari wa barabarani. Atachoka na ya kumi. Muulize siku ile walikula nini, nani alishika kamera, hilo shati lilikuwa la nani. Mashati yana mambo! Nina picha tatu za vijana watatu, kila mmoja amepiga studio kwa siku yake, na wote wamevaa koti moja. Lilikuwa koti la studio, limening'inia msumarini kwa yeyote anayetaka kuonekana ameajiriwa. Rekodi mazungumzo kwa simu, ila uombe ruhusa kwanza.

Picha ya mtaani kama ile ya mama ni bahati. Mkanda wa picha ulikuwa ghali, na muongo ule hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa, sembuse filamu. Watu walipiga picha za ndoa, ubatizo, maulidi na mahafali. Hakuna aliyefikiria kupiga picha ya foleni, ya unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, sinia zima, au ya wanawake wakisubiri maji bombani. Maisha ya kila siku yameingia kwenye picha hizi kwa kuponyoka, ukingoni. Kwa hiyo tafadhali usikate kingo ili sura zikae vizuri. Nilipeleka picha moja ya sebuleni kwa fundi mmoja "aisafishe". Akairudisha na ukuta wa rangi ya maziwa, redio hakuna! Redio ile ilikuwa imevishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, kwa sababu Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, ingawa Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970. Mheshimiwa wa sebule alikuwa redio. Bahati nilibaki na picha halisi.

Kuna nyingine naipenda kuliko zote. Baba na wenzake wamesimama kwenye geti la kiwanda cha viatu, kile kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili viatu viuzwe Ulaya. Kati ya watu tisa, wanne wamevaa kandambili, baba akiwa mmoja wao.

Kupata mwaka ni kazi ya kubishana, na ubishi huo uandike wote. Mama Mkubwa alisema picha fulani ni ya 1983, kwa sababu anakumbuka ule msako wa wahujumu uchumi, yaani walioshukiwa kuficha na kulangua bidhaa, alivyochimbia mche wa sabuni chini ya mgomba. Mjomba akacheka: fulana ile ina maandishi ya Kimarekani, ni mtumba, na mitumba ilienea milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa, enzi za Mzee Ruksa, yaani Rais Ali Hassan Mwinyi. Mwinyi aliapishwa Novemba 1985. Hoja ya Mjomba ina nguvu, ingawa si ya kupeleka mahakamani, maana magendo yalikuwepo. Nimeandika "1983 au baada ya 1985", na sababu za wote wawili.

Mambo ya mikono sasa. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, pembeni, bila kukandamiza; kalamu ya wino hujichora hadi upande wa pili. Zile albamu za gundi zenye nailoni juu zinaua picha polepole. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha, taratibu, ikikataa iache. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue, ipige ikiwa humo humo. Ukungu usiufute kwa kitambaa kibichi. Kama una skana, nukta 600 kwa inchi zinatosha. Kama huna, weka picha karibu na dirisha lenye kivuli, zima flashi, simu ilale sambamba na picha. Piga na mgongo wake pia, kwani maneno ya "ukumbusho kwa mpenzi dada" yako huko. Negativu usitupe hata moja. Nakala weka tatu, moja iwe nyumba nyingine.

Na usikimbilie kuzimwaga kwenye kundi la ukoo. Niliwahi kutuma picha ya harusi, nikajisifu, kumbe bibi harusi yule si shangazi tunayemjua. Simu zililia hadi usiku. Siku hizi namuuliza kwanza mwenye picha, pembeni.

Ile ya mama bado ina mtu mmoja asiyejulikana, mwanamke wa khanga aliyeinamia mawe. Nyuma nimeandika kwa penseli: "Hajulikani. Mama Mkubwa kaulizwa. Mjomba kaulizwa." Chini yake nimeacha nafasi. Jumamosi nampelekea jirani yetu wa zamani, aliyehamia Kilosa.