Amiba mwenye gamba, au mwenye ganda?

SWALI: Katika makala ya sayansi nimesoma: "Amiba hii yenye gamba imehamishiwa jenasi nyingine baada ya kuchunguzwa kwa hadubini." Mwanafunzi wangu anadai ingekuwa "amiba huyu mwenye gamba". Nani yuko sahihi? (Mwalimu wa biolojia, Morogoro)

JIBU: Mwanafunzi wako, Mwalimu. Amiba, kiumbe mdogo wa seli moja, anakula, anatembea na anazaana. Apewe upatanisho wa A-WA kama samaki na mdudu. Jina limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mabadiliko, kwa kuwa mwili wake haukai na umbo moja. Hilo limekwisha.

Ila nyote wawili mmelipita neno linalonikera miaka yote: gamba. Nimechoka kusoma "gamba la yai" na "gamba la karanga", na sasa limemfuata hata amiba. Nenda Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, asubuhi ukamtazame anayepara samaki. Kisu kinapanda kutoka mkiani kwenda kichwani, na vitu vinavyoruka na kumganda mikononi, mpaka kwenye kanga, ndivyo magamba: mengi, madogo, yamelaliana kama vigae. Kisha rudi nyumbani uchemshe yai. Unalimenya, hulipari. Unachomenya ni ganda: moja, linalofunika kitu kizima. Kitendawili cha "nyumba yangu haina mlango" hujibiwa yai kwa sababu ya ganda hilo. Mtoto wa miaka sita hakosei verbu hizi mbili, kumenya na kupara. Kwa nini mhariri azikosee nomino zake?

Najua utaniambia nyoka hujivua gamba, tena moja. Kweli, na CCM wakaupandisha msemo huo majukwaani mwaka 2011. Ni ngozi iliyojaa magamba, na msemo umeshakomaa, siugusi. Gamba la kobe nalo nimeliacha lipite, maana mgongo wake umeungwa kwa vipande vipande.

Kwa amiba sikubali, kwa sababu anavyo vyote viwili. Mchukue Apodera vas. Mfaransa Certes alimweleza mwaka 1889 kwa jina la Nebela vas, kutokana na msafara wa kisayansi wa Wafaransa huko Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika. Jenasi (kundi la spishi za karibu) anayokaa leo, Apodera, iliundwa na wataalamu Loeblich na Tappan mwaka 1961. Hafiki hata robo ya milimita. Kwa hadubini ya kawaida unaona kichupa kinachopitisha mwanga, shingo imebanwa kama imefungwa uzi, na juu yake mdomo anakotolea miguu yake ya bandia, yaani sehemu za mwili anazozichomoza ili atembee na kukamata chakula. (Vas ni Kilatini, maana yake chombo, na ukimwona utakubali.) Hilo ndilo ganda, na shingo hiyo iliyobanwa ndiyo inayomtenga na Nebela wa kawaida.

Sasa mweke chini ya hadubini ya elektroni. Ukuta wa kile kichupa unageuka kuwa visahani vya silika (madini ya kutengenezea kioo), vya umbo la duara na la yai, vikubwa kwa vidogo, vimepangwa ubavu kwa ubavu. Hayo ndiyo magamba! Wala si yake. Ameyapata kwa kuwala amiba wadogo wa ukoo wa Euglypha, ambao hujitengenezea magamba wenyewe. Akishamla mwenziwe, magamba anayajengea ganda lake.

Mtaalamu anayeamua amiba kama huyu akae jenasi gani anauliza maswali mawili tofauti: ganda lina umbo gani, na magamba yaliyolijenga yametoka wapi? Kwa Kiswahili cha makala yako atalazimika kuandika "gamba limejengwa kwa magamba", na msomaji hataelewa kipi kimejenga kipi. Lugha yetu ilikuwa na maneno haya mawili kabla hadubini haijafika pwani. Kuyachanganya leo, tunapoyahitaji kuliko wakati wowote, ni uzembe, na nausema hivyo bila kuuma maneno.

Sentensi yako iandikwe hivi: "Amiba huyu mwenye ganda amehamishiwa jenasi nyingine baada ya kuchunguzwa kwa hadubini." Na kama mwandishi aliyaona magamba, ayataje kwa jina lao, katika sentensi yao.